Salamu katika Simu: Miingiliano Midogo ya Mara kwa Mara na Udumishaji wa Watumiaji wa Programu za Simu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna miingiliano midogo inayorudiwa kwa utaratibu inavyowafanya watumiaji wa simu za mkononi wadumu na huduma waliyoianza. Hoja kuu ni kwamba mtumiaji hudumishwa na uthabiti wa mwingiliano kuliko wingi wake. Uthabiti huo una sehemu tatu: umbo linalotambulika, nafasi ya kujibu, na uhakika kwamba jibu litashughulikiwa. Hoja inajengwa kwa kurejelea majaribio matatu ya ujumbe mfupi yaliyofanyika Kenya na Kamerun miongoni mwa watu wanaotumia dawa za kupunguza makali ya Virusi vya UKIMWI (VVU). Kisha inapimwa katika programu ya kujifunzia lugha ya Duolingo na katika ujumbe wa uthibitisho wa M-Pesa. Uchambuzi unaongozwa na dhana ya uamilifu wa lugha katika kujenga na kulinda uhusiano. Inabainika kwamba salamu ya Kiswahili, kwa muundo wake wa wito na kiitikio, ni kielelezo kinachoweza kuwafaa wabunifu wa programu, na pia kipimo cha kubaini programu inayomjali mtumiaji na ile inayomsumbua.

1.0 Utangulizi

Kupakua programu ya simu ni kazi ya dakika chache. Kuendelea kuitumia ni kazi ya miezi. Kati ya hatua hizo mbili ndipo huduma nyingi hupoteza watu wake. Mtumiaji huifungua programu siku ya kwanza kwa shauku, siku chache baadaye kwa kukumbuka, na baada ya muda alama yake hubaki kwenye skrini kama kibao cha duka lililokwisha kufungwa. Kwa mmiliki wa mchezo wa simu, hasara hiyo ni ya kibiashara tu. Kwa mgonjwa aliyeanzishiwa dawa za kila siku, kukatika kwa mawasiliano kunaweza kuwa kukatika kwa tiba.

Njia iliyozoeleka ya kuzuia hasara hiyo ni kutuma arifa. Mwaka 2009 kampuni ya Apple ilianzisha huduma iliyoziwezesha programu kumfikia mtumiaji hata zikiwa zimefungwa, na mifumo mingine ya simu nayo ikawa na huduma kama hiyo. Wepesi wa kutuma ukazaa wingi, na wingi ukazaa kero. Katika simu za iPhone programu hulazimika kuomba ruhusa kabla ya kutuma arifa. Mfumo wa Android nao uliweka sharti hilo katika toleo lake la 13 lililotoka mwaka 2022. Kwa maneno mengine, programu zimelazimishwa kubisha hodi.

Sharti hilo linaamua nani aruhusiwe kuingia. Halielezi mgeni aliyekwisha kukaribishwa anapaswa kufanya nini ili asichokwe. Makala haya yanashughulikia swali hilo la pili: ni sifa gani za mwingiliano mdogo unaorudiwa zinazomfanya mtumiaji aendelee kuitikia, na ni zipi zinazomfanya anyamaze?

2.0 Msingi wa Kinadharia

Saffer (2013) anaugawa mwingiliano mdogo katika sehemu nne: kichochezi kinachouanzisha, kanuni zinazouongoza, mrejesho unaomwonyesha mtumiaji kilichotokea, na taratibu zinazoamua nini kifanyike mwingiliano unaporudiwa au hali inapobadilika. Fogg (2009) naye anaeleza kwamba tabia hutokea pale motisha, uwezo na kichocheo vinapokutana kwa wakati mmoja. Mikabala hii miwili inafaa kueleza kwa nini mtu hubonyeza kitufe fulani kwa wakati fulani. Hata hivyo, haitoshelezi kueleza kwa nini kichocheo kilekile hupokewa kwa furaha kikitoka kwa mmoja na kuchukiwa kikitoka kwa mwingine. Jambo hilo linahusu uhusiano, na hapo isimu ina mchango wake.

Malinowski (1923) alibainisha aina ya mazungumzo ambayo thamani yake haimo katika taarifa yanayobeba bali katika kuwaunganisha wazungumzaji. Jakobson (1960) aliiendeleza dhana hiyo alipoorodhesha dhima za lugha. Miongoni mwazo alitaja dhima ya kufungua njia ya mawasiliano, kuidumisha, na kuhakikisha kwamba bado iko wazi. Salamu ni mfano ulio wazi wa dhima hiyo.

Salamu ya Kiswahili ina sifa zinazoifanya istahili kuchunguzwa kwa karibu. Kwanza, ina sehemu mbili zinazohitajiana: hodi hungoja karibu, shikamoo hungoja marahaba, hujambo hungoja sijambo. Wito usioitikiwa ni mwingiliano uliokatika. Pili, maneno yake hayabadiliki, na hakuna anayelalamika kwamba amesalimiwa leo kama alivyosalimiwa jana. Tatu, kutoitikia nako ni ujumbe: aliyesalimiwa akanyamaza huulizwa amepatwa na nini. Nne, kiitikio cha kwanza kwa kawaida huwa cha heri, hata pale hali inapokuwa mbaya. Anayeulizwa habari za nyumbani hujibu "nzuri", kisha huongeza "ila mtoto ana homa". Taarifa nzito huingia kupitia mlango ambao salamu imekwisha kuufungua. Sifa hizi nne ndizo zinazotumika kama vigezo vya uchambuzi katika sehemu zinazofuata.

3.0 "Mambo?": Ushahidi kutoka Kenya

Ushahidi wenye uzito kuhusu nguvu ya salamu katika simu ulipatikana kabla programu za simu hazijaenea Afrika Mashariki, katika jaribio lililojulikana kama WelTel Kenya1. Matokeo yake yalichapishwa na Lester na wenzake mwaka 2010 katika jarida la The Lancet. Kati ya Mei 2007 na Oktoba 2008, wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya VVU katika kliniki tatu nchini Kenya waligawanywa kwa nasibu. Wagonjwa 273 waliwekwa katika kundi la ujumbe mfupi na 265 katika kundi la huduma ya kawaida. Kila wiki, wale wa kundi la kwanza walitumiwa ujumbe na muuguzi wa kliniki yao. Ujumbe ulikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48 kwa kusema "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida", pamoja na yule ambaye hakujibu kabisa, alipigiwa simu na muuguzi.

Katika kundi la ujumbe, wagonjwa 168 kati ya 273, sawa na asilimia 62, waliripoti kuzingatia dawa kwa kiwango kilichotakiwa, ikilinganishwa na 132 kati ya 265, sawa na asilimia 50, katika kundi la kawaida. Kwa kuwa taarifa hizo zilitolewa na wagonjwa wenyewe, kipimo cha maabara kina umuhimu wa pekee. Wingi wa virusi katika damu ulikuwa umedhibitiwa kwa asilimia 57 ya kundi la ujumbe na asilimia 48 ya kundi la kawaida.

Matokeo hayo yanaweza kufafanuliwa kwa vigezo vilivyotajwa. Kwa upande wa umbo, ujumbe ulikuwa mfupi, wa lugha inayotumika mitaani, na haukubadilika. Haukutaja dawa wala maradhi. Jirani, mwajiri au ndugu aliyeishika simu hiyo aliona salamu tu. Kwa ugonjwa ambao unyanyapaa wake unaweza kumfanya mtu aache tiba ili asijulikane, ukimya huo wa ujumbe kuhusu maradhi ulikuwa ni ulinzi.

Kwa upande wa kiitikio, jaribio lilifanya badiliko dogo lenye maana kubwa. Katika maongezi ya kawaida, "Mambo?" huitikiwa kwa "Poa" au "Safi", na mwenye tatizo hulazimika kulichelewesha nyuma ya neno "ila". Hapa "Shida" iliwekwa sambamba na "Sawa" kama jibu halali, linalohitaji juhudi ileile ya kuandika neno moja. Mgonjwa hakupaswa kutunga maelezo wala kujitetea. Salamu ilibaki na umbo lake, lakini ikapewa uwezo wa kuwa swali la kweli.

Kwa upande wa ukimya, kanuni ya saa 48 ilifuata desturi ya jamii: asiyeitikia hutafutwa. Mgonjwa alijua kwamba kunyamaza kwake kutaonekana na mtu anayemfahamu. Ni kweli kwamba jaribio halikutenganisha athari ya neno "Mambo?" na athari ya simu ya muuguzi. Hata hivyo, kwa mtazamo wa isimu viwili hivyo havipaswi kutenganishwa, kwani wito usio na mtu wa kupokea kiitikio si salamu tena.

4.0 Uthabiti si Wingi

Iwapo salamu ya kila wiki ina manufaa, je, ya kila siku ina manufaa zaidi? Jaribio la Pop-Eleches na wenzake (2011), lililofanyika katika kituo cha afya cha vijijini magharibi mwa Kenya, linatoa jibu. Wagonjwa 431 waliokuwa wameanza dawa hivi karibuni walifuatiliwa kwa wiki 48. Baadhi yao walipata vikumbusho vya kila siku, wengine vya kila wiki. Baadhi ya vikumbusho vilikuwa vifupi, vingine viliongezewa maneno ya kutia moyo. Uzingatiaji ulipimwa kwa vifuniko vya chupa za dawa vilivyorekodi kila mara chupa ilipofunguliwa.

Miongoni mwa waliopata vikumbusho vya kila wiki, asilimia 53 walifikia uzingatiaji wa angalau asilimia 90, ikilinganishwa na asilimia 40 ya wasiopata chochote. Vikumbusho vya kila siku havikuleta nafuu kama hiyo, ingawa dawa zenyewe zilikuwa za kila siku. Maneno ya kutia moyo nayo hayakuongeza manufaa juu ya ujumbe mfupi. Kinachojitokeza ni kwamba mtu huzoea haraka sauti inayosema kila siku bila kumsikiliza, kama mkazi wa kando ya barabara kuu anavyoacha kusikia magari.

Jaribio la tatu, la Mbuagbaw na wenzake (2012), lilihusisha wagonjwa 200 jijini Yaoundé, Kamerun. Kila wiki walitumiwa ujumbe wa kuhamasisha na kukumbusha, pamoja na namba ya simu ambayo wangeweza kuipiga wakihitaji msaada. Ujumbe huo haukuongeza uzingatiaji wa dawa kwa kiwango cha kutegemewa kitakwimu. Idadi ya washiriki ilikuwa ndogo kuliko ile ya Kenya na mazingira yalikuwa tofauti, hivyo hitimisho linapaswa kuwa la tahadhari. Tofauti ya kimuundo kati ya majaribio hayo inabaki kuwa ya kufundisha: Kenya mgonjwa aliulizwa na jibu lake likangojewa; Yaoundé aliambiwa, na njia ya kujibu ikaachwa kuwa hiari yenye kuhitaji juhudi zaidi kuliko kusoma.

Hivyo basi, marudio pekee hayadumishi. Kasi ya wiki moja ilifaa kwa sababu iliacha nafasi ya jambo kutokea katika maisha ya mgonjwa, jambo ambalo lingestahili kuulizwa.

5.0 Kutoka Ujumbe Mfupi hadi Programu: Duolingo

Programu za simu zimerithi swali lilelile zikiwa na nyenzo nyingi zaidi. Duolingo, iliyoanzishwa na Luis von Ahn na Severin Hacker na kufunguliwa kwa umma mwaka 2012, inafaa kuchunguzwa kwa sababu mbili. Wanasayansi wake wamechapisha baadhi ya tafiti zao kuhusu arifa, na tangu mwaka 2017 programu hiyo inafundisha Kiswahili kwa wazungumzaji wa Kiingereza.

Yancey na Settles (2020) walieleza namna programu hiyo inavyochagua sentensi ya kumkumbusha mtumiaji afanye zoezi lake la siku. Walibaini kwamba sentensi iliyotumika karibuni hupungua nguvu, kisha huirudisha taratibu kadiri muda unavyopita bila kutumika. Mfumo wao wa kuchagua sentensi kwa kuzingatia hali hiyo uliongeza jumla ya watumiaji wa kila siku kwa asilimia 0.5 na udumishaji wa watumiaji wapya kwa asilimia 2.

Kwa juu juu, matokeo hayo yanapingana na hoja ya umbo thabiti: ikiwa sentensi huchakaa, mbona "Mambo?" haikuchakaa? Utata huo unatatuliwa na muundo wa wito na kiitikio. Kikumbusho kisichongoja jibu kina upya mmoja tu, nao umo katika maneno yake. Maneno yakizoeleka, hakuna kilichobaki. Salamu ina upya wake mahali pengine. Maneno ya anayesalimu ni yaleyale, lakini jibu halijulikani hadi litolewe, na habari ya leo si ya jana. Kwa sababu hiyo salamu inaweza kurudiwa maisha yote, ilhali tangazo huhitaji kuandikwa upya kila mara.

Nyenzo ya pili ya Duolingo ni mfululizo wa siku, yaani namba inayoonyesha mtumiaji amefanya mazoezi siku ngapi bila kukosa. Namba hiyo ni mrejesho mdogo, wa umbo thabiti, unaotokana na kazi ya mtumiaji mwenyewe. Udhaifu wake unajitokeza siku anapokosa: mfululizo hurudi sifuri, isipokuwa kama ameuwekea kinga inayotolewa na programu. Mtu aliyejifunza kwa siku 200 akakosa moja kwa sababu ya msiba au homa huonyeshwa namba ileile anayoonyeshwa aliyeanza leo.

Adhabu hiyo haiendani na yanayojulikana kuhusu ujenzi wa mazoea. Lally na wenzake (2010) waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kujenga zoea moja dogo la kila siku, kama vile kunywa maji au kula tunda wakati fulani. Kwa makadirio yao, muda wa kati wa kufikia zoea ulikuwa siku 66, huku watu wakitofautiana kati ya siku 18 na 254. Jambo la msingi zaidi ni kwamba kukosa mara moja hakukuharibu kwa kiwango kikubwa ujenzi wa zoea. Zoea huvumilia pengo. Namba ya mfululizo hailivumilii. Mtumiaji anayeishi kwa kuilinda namba anaweza kuishia kufanya zoezi jepesi kuliko yote dakika tano kabla ya usiku wa manane. Amedumu na programu, lakini lengo lililomleta, yaani kujifunza lugha, limebaki nyuma.

Mtumiaji anaponyamaza kwa muda mrefu, Duolingo humjulisha kwamba vikumbusho vyake vinaonekana havisaidii na kwamba vitasitishwa kwa sasa. Hatua hiyo ina heshima kuliko kuendelea kupiga kelele. Hata hivyo, inafunga mlango bila kuuliza aliye ndani amepatwa na nini. Katika huduma ya burudani hilo linatosha. Katika huduma ya afya, mikopo au elimu ya mtoto, halitoshi.

6.0 Umbo Thabiti na Hatari Yake: M-Pesa

Nguvu ya umbo thabiti inaonekana pia katika huduma ambayo wengi wa wazungumzaji wa Kiswahili wanaifahamu. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 kupitia Safaricom, na Tanzania mwaka 2008 kupitia Vodacom. Kila muamala hufungwa kwa ujumbe unaotaja namba ya kumbukumbu, kiasi, mhusika wa upande wa pili, tarehe, saa na salio. Hapa mwenye kuanzisha wito ni mtumiaji, na huduma ndiyo inayoitikia. Kiitikio hicho kisipofika, muuzaji hakabidhi bidhaa na mnunuzi haondoki dukani. Huduma haikuhitaji kumbembeleza mtu arudi. Ilihitaji kuitikia kila mara, kwa namna ileile, papo hapo.

Uzoefu huohuo una upande wa hatari. Nchini Tanzania, ujumbe wa kitapeli wenye maneno ya aina ya "ile hela tuma kwenye namba hii" umekuwa maarufu kiasi cha kugeuka utani. Kiisimu, mtego wake umo katika neno "ile". Kionyeshi hicho hurejelea jambo linalodhaniwa kujulikana na pande zote mbili, na hivyo humfanya mpokeaji aamini kwamba yumo katikati ya mazungumzo yaliyokwisha kuanza. Tapeli hajengi uhusiano. Anaazima ule uliojengwa na mamia ya ujumbe wa kweli. Kadiri mwingiliano mdogo unavyozoeleka, ndivyo mtumiaji anavyoujibu bila kutafakari. Mbunifu anayejenga zoea hilo anajenga pia wajibu wa kulilinda, kwa mfano kwa kumwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla fedha hazijaondoka.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Mifano iliyochambuliwa inaonyesha kwamba mwingiliano mdogo humdumisha mtumiaji pale unapokuwa na kiitikio chenye matokeo. Kutokana na hilo, mapendekezo manne yanatolewa kwa wabunifu wa programu zinazolenga watumiaji wa Kiswahili.

Kwanza, mwingiliano unaorudiwa uwe na swali linalojibika kwa neno moja au mguso mmoja, na jibu baya liwe rahisi kutoa kama jibu zuri. Programu inayoruhusu "Sawa" pekee itapata "Sawa" pekee, hadi siku mtumiaji atakapotoweka.

Pili, kasi ya mwingiliano ifuate mwendo wa jambo lenyewe. Ikiwa hakuna jipya linaloweza kutokea kati ya arifa mbili, arifa ya pili haina sababu.

Tatu, pengo lisamehewe na ukimya utafsiriwe. Kumrudisha mtumiaji sifuri kwa siku moja aliyokosa ni kumfundisha kwamba kurudi hakuna maana. Pale ambapo kunyamaza kunaweza kuashiria madhara, pawepo mtu wa kuuliza, na gharama ya mtu huyo ihesabiwe katika bajeti tangu mwanzo. Katika jaribio la Kenya, neno "Mambo?" lilikuwa sehemu nyepesi ya kazi; muuguzi aliyepokea "Shida" ndiye aliyekuwa huduma.

Nne, rejista ichaguliwe kwa uangalifu. "Mambo?" hutumika zaidi miongoni mwa rika na vijana, mtu mzima anaweza kuiona kuwa ni utovu wa adabu ikitoka kwa asiyemjua. Tafsiri ya moja kwa moja ya arifa za kigeni haitatui suala hili, kwani haijui nani anamsalimu nani. Eneo hili linahitaji utafiti zaidi, hasa unaolinganisha mwitikio wa watumiaji wa rika mbalimbali kwa salamu za rejista tofauti katika huduma moja. Utafiti wa aina hiyo unaweza kufanywa na wanaisimu kwa kushirikiana na wahudumu wa afya na wataalamu wa kompyuta, na matokeo yake yakapimwa kwa kigezo kilekile kilichotumika Kenya: kama lengo la mtumiaji mwenyewe limefikiwa, na si kama programu imefunguliwa mara nyingi tu.